Maumivu Yanayokuja Ganzi Ikishaondoka

Mwaka 1993 madaktari wa mjini Basel, Uswisi, walichapisha taarifa fupi kuhusu wagonjwa wao 4. Wote walikuwa wamechomwa sindano ya mgongo yenye dawa ya lidokeini, kisha wakafanyiwa upasuaji wakiwa wamelala chali, miguu imeinuliwa na kuegemezwa. Upasuaji ulikwenda salama. Ganzi ikaisha kwa wakati wake, wagonjwa wakaanza kusogeza miguu na kuhisi wakiguswa. Saa kadhaa baadaye yakawaanza maumivu mapya kabisa, yasiyo ya kidonda. Yalitoka kiunoni na kwenye makalio, yakashuka mapajani na miguuni, yakiunguza na kukaza. Madaktari waliwapima nguvu za misuli na hisia za ngozi, wasione kasoro. Baada ya siku chache maumivu yakaondoka yenyewe.

Taarifa ya wagonjwa 4 kwa kawaida haimshtui mtu. Hii ilishtua, na sababu ni dawa yenyewe. Lidokeini, ambayo wahudumu wengi wa afya Afrika Mashariki huiita lignokeini, iliundwa Stockholm mwaka 1943 na wanakemia Nils Löfgren na Bengt Lundqvist, ikaingia sokoni mwaka 1948. Ndiyo dawa ya anayeng'olewa jino, anayeshonwa jeraha, anayetahiriwa. Kwa zaidi ya miaka 40 ilikuwa imetiwa migongoni mwa wagonjwa wasiohesabika, na jina lake lilikuwa safi. Iliwezekanaje maumivu ya namna hiyo yasionekane muda wote huo?

Jibu linasikitisha: hakuna aliyeuliza. Maumivu haya huanza wakati daktari wa usingizi ameshamaliza kazi yake. Mgonjwa yuko wodini, au ameshafika nyumbani. Daktari wa upasuaji anapopita asubuhi huangalia kidonda, homa na mkojo. Mgonjwa akisema nyonga zinamuuma, huambiwa ni kitanda, au alilala vibaya mezani. Naye mwenyewe hudhani ndivyo upasuaji ulivyo, akavumilia. Siku ya 3 au ya 4 yamekwisha, na hakuna faili lililoyaandika.

Ili kuelewa yanatoka wapi, inafaa kwanza kujua sindano hiyo inaingia wapi. Kwa mtu mzima, uti wa mgongo wenyewe haufiki mwisho wa mgongo. Unakoma kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo kwenda chini, ndani ya mfuko wenye maji safi, zinabaki nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelekea miguuni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa, zikining'inia kama singa za mkia wa farasi. Daktari huingiza sindano chini ya mwisho wa uti, mara nyingi kati ya pingili ya 3 na ya 4 au ya 4 na ya 5, akasubiri maji hayo yachuruzike, ndipo anapotia dawa. Kiasi ni kidogo mno, mililita 2 au 3 tu. Lakini dawa inakutana na mishipa iliyo karibu uchi, isiyo na ile mifuniko minene inayoikinga mishipa ya sehemu nyingine za mwili, na ndani ya dakika chache mtu hawezi kuinua mguu.

Dawa haiui mishipa. Ujumbe wa maumivu husafiri kwenye mshipa wa fahamu kwa umeme mdogo unaozaliwa na chembechembe za sodiamu zinapoingia ndani kupitia vijilango vidogo. Dawa ya ganzi huvifunga vijilango hivyo, ujumbe ukakwama njiani. Damu inapoendelea kupita huichukua dawa kidogo kidogo, vijilango vikafunguka, na hisia zikarudi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa, na kwa wagonjwa walio wengi sana ndivyo inavyokuwa.

Wasiwasi juu ya kinachofuata baada ya ganzi ulianza pamoja na sindano yenyewe. Agosti 1898, katika mji wa Kiel, Ujerumani, daktari wa upasuaji August Bier alimtia mgonjwa kokeini kwenye maji ya uti wa mgongo na kumfanyia upasuaji wa mguu bila maumivu. Wagonjwa wake wa mwanzo walipata maumivu ya kichwa na kutapika, na Bier akataka kujua kwa nini. Tarehe 24 Agosti alimwomba msaidizi wake, August Hildebrandt, amchome yeye mwenyewe. Bomba la sindano halikukaa vizuri kwenye sindano, maji mengi ya mgongo yakamwagika na kokeini ikapotea. Wakabadilishana zamu. Hildebrandt alipewa miligramu 5, na Bier akaanza kumjaribu: akamchoma sindano pajani hadi kwenye mfupa, akamgusisha sigara inayowaka, akampiga muundi kwa nyundo ya chuma. Hildebrandt hakusikia chochote. Jioni walisherehekea kwa mvinyo na sigara. Kisha Bier akalala siku 9 akiwa na kichwa kisichomruhusu kusimama, na Hildebrandt akatapika, akaumwa kichwa, na miundi yake ikavilia damu.

Kisa hicho husimuliwa vyuoni kama kichekesho, na hilo linawapunja wanaume hao wawili. Walifanya jambo ambalo waliowafuata waliliacha kwa miongo mingi: waliandika kwa makini hali yao ilivyokuwa siku zilizofuata, ganzi ilipokuwa imekwisha kitambo.

Katika karne ya 20 hofu kubwa ilikuwa nyingine: kupooza. Tarehe 13 Oktoba 1947, mjini Chesterfield, Uingereza, wanaume wawili, Albert Woolley na Cecil Roe, walichomwa sindano ya mgongo kwa ajili ya upasuaji mdogo tu. Hawakutembea tena kama zamani. Wote wawili walipooza kuanzia kiunoni. Kesi ilipofika mahakamani, maelezo yaliyokubaliwa ni kwamba vichupa vya dawa vilikuwa vimehifadhiwa ndani ya fenoli, na fenoli hiyo ikapenya kwenye nyufa zisizoonekana kwa macho. Mwaka 1954 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba hospitali na daktari hawakufanya uzembe, kwa kuwa mwaka 1947 hatari ya aina hiyo haikuwa ikijulikana. Wataalamu waliochunguza kisa hicho baadaye waliona maelezo ya fenoli hayatoshi, wakaelekeza kidole kwenye mabaki ya tindikali iliyotumika kusafishia chombo cha kuchemshia sindano. Kwa vyovyote vile, Uingereza iliiogopa sindano ya mgongo kwa muda mrefu.

Mwaka huohuo wa 1954, Robert Dripps na Leroy Vandam wa Philadelphia, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa waliochomwa sindano ya mgongo zaidi ya mara 10,000. Hawakupata ulemavu mkubwa wa mishipa ya fahamu uliosababishwa na sindano hiyo. Kazi yao iliirudishia heshima yake. Ila walikuwa wakitafuta vitu vizito, kupooza na udhaifu wa kudumu. Maumivu ya siku tatu kwenye makalio si kitu ambacho mtu angekitafuta katika hesabu ya namna hiyo.

Kisha ukaja mwaka 1991. Madaktari wa San Francisco walieleza habari za wagonjwa 4 ambao ganzi yao ilitiwa kupitia mirija iliyoachwa mgongoni, mingi yake myembamba sana, ili dawa iongezwe kila inapopungua. Watatu walipewa lidokeini ya asilimia 5 na mmoja tetrakeini. Katika mirija hiyo myembamba dawa ilitoka kwa unyonge, haikuchanganyika na maji ya mgongo, ikatulia chini kwenye mishipa ya mwisho kabisa. Ganzi ilipoonekana haipandi, dawa iliongezwa, ikaenda kutulia palepale. Wagonjwa hao walibaki na madhara kwenye mishipa inayotawala haja na hisia za sehemu za siri. Mwaka 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru mirija hiyo myembamba iondolewe sokoni.

Ndiyo maana taarifa ya Basel, miaka miwili tu baada ya ile ya San Francisco, haikupita kimyakimya. Dawa ilikuwa ileile, lidokeini ya asilimia 5. Swali lilikuwa kama maumivu haya ya muda ni dalili ndogo ya sumu ileile iliyowalemaza wengine.

Safari hii watu waliuliza, tena kwa utaratibu. Kundi la Basel, likiongozwa na Karl Hampl, liliwatembelea wagonjwa baada ya upasuaji na kuwauliza maswali yaleyale mmoja baada ya mwingine. Matokeo yalitoka mwaka 1995. Kati ya wagonjwa 120 waliopewa lidokeini, 44 walipata maumivu hayo, yaani asilimia 37. Kati ya 150 waliopewa bupivakeini, dawa nyingine ya ganzi, alikuwa mmoja tu. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi hicho. Tatizo ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote liligeuka kuwa jambo linalompata zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watatu, mradi tu aulizwe.

Hatua iliyofuata ilikuwa kutafuta namna ya kuiokoa lidokeini, kwa sababu ina sifa moja ambayo madaktari waliipenda: inaondoka mapema. Ganzi yake hudumu saa moja au moja na nusu, na mgonjwa wa upasuaji mdogo anaweza kwenda nyumbani siku hiyohiyo. Wengine walidhani kosa ni ukali wa dawa, wakaizimua kutoka asilimia 5 hadi 2. Haikusaidia. Madaktari wa Seattle, Marekani, waliishusha hadi asilimia 1 na hata nusu asilimia, na maumivu yakaendelea kuwapata wagonjwa kwa kiwango kilekile. Wengine walishuku sukari ya glukosi inayochanganywa na dawa ili iwe nzito na kuteremka chini. Wakaipunguza, nayo haikuwa na kosa.

Picha pana zaidi ilipatikana Marekani mwaka 1998, katika uchunguzi uliowafuatilia wagonjwa 1,863. Waliopewa lidokeini walikuwa katika hatari ya takriban mara 5 kuliko waliopewa bupivakeini. Lakini dawa peke yake haikumaliza maelezo. Waliopewa lidokeini na kulazwa miguu ikiwa imeinuliwa na kutanuliwa, kama inavyofanywa katika upasuaji wa kizazi, wa njia ya mkojo au wa bawasiri, karibu robo yao walipata maumivu. Wagonjwa wanaorudi nyumbani siku hiyohiyo walikuwa hatarini zaidi, na wanene pia. Utafiti mwingine umeonyesha kwamba upasuaji wa goti kwa kutumia kamera nao unaongeza uwezekano. Kwa walioumwa, karibu theluthi walisema maumivu yalikuwa makali, na kwa 9 kati ya 10 yalikwisha ndani ya wiki moja.

Neno makali lisipitwe haraka. Baadhi ya wagonjwa wamesema maumivu ya miguu yaliwatesa kuliko kidonda chenyewe. Mtu aliyetolewa ngiri, akaambiwa kesho atatembea, anaamka usiku mapaja yakiwaka moto, na mtu wa kwanza anayemjia akilini ni yule jirani aliyewahi kumwambia kuwa sindano ya mgongo inapoozesha. Hofu ile ni mateso juu ya mateso, na ingeweza kuzuiwa kwa sentensi mbili kabla ya upasuaji.

Kuhusu chanzo hasa, wataalamu wamegawanyika, na hoja za kila upande zina uzito. Wapo wanaosema ni sumu ya dawa kwenye mshipa. Katika maabara, mishipa ya fahamu ya chura ikilowekwa kwenye lidokeini ya asilimia 5 hupoteza uwezo wa kupitisha ujumbe hata baada ya kuoshwa, jambo ambalo halitokei kwa kiwango hicho kwa bupivakeini ya nguvu inayotumika hospitalini. Hoja hiyo inatisha, lakini ina pengo: kama ni sumu, kwa nini kuizimua dawa mara kumi hakupunguzi maumivu? Tena, watu 5 waliojitolea Seattle, ambao walipata maumivu hayo baada ya kuchomwa lidokeini bila upasuaji wowote, walipimwa mishipa na misuli yao kwa vipimo vya umeme. Vipimo havikuonyesha kitu.

Upande mwingine unaangalia mkao. Miguu ikiinuliwa na kutanuliwa, mishipa ya kiuno huvutwa na damu inayoifikia huenda ikapungua, na mgonjwa mwenye ganzi hawezi kulalamika wala kujigeuza. Wengine wanasema ni misuli: mgongo unapolegea kabisa juu ya meza ngumu, mpindo wa kawaida wa kiuno hutoweka, na misuli hujibu baadaye kwa kukaza. Hoja hizi zinaeleza kwa nini mkao una nafasi. Hazielezi kwa nini wagonjwa wa bupivakeini, waliolala mkao uleule kwenye meza ileile, huumwa mara chache mno. Ukizipima zote pamoja, dawa ndiyo mshtakiwa wa kwanza na mkao ni msaidizi wake.

Mwaka 2019 mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulitoa uchambuzi mpya wa majaribio 24 yenye washiriki 2,226. Kati yao 239 walipata maumivu hayo. Bupivakeini, levobupivakeini, ropivakeini, prilokeini na prokeini zote zilikuwa na hatari ndogo mno zikilinganishwa na lidokeini, pungufu kwa kadiri ya asilimia 80 hadi 90. Mepivakeini, dawa iliyowahi kutumainiwa kuwa mbadala, haikuonyesha nafuu. Jambo lililo muhimu kwa mgonjwa ni kwamba katika tafiti hizi maumivu yaliisha yenyewe, na hayakuonekana kuwa mwanzo wa ugonjwa wa kudumu wa mishipa ya fahamu.

Kwa nini basi kila hospitali isitumie bupivakeini na mambo yakaisha? Nyingi zimefanya hivyo. Bupivakeini nayo ina asili ya Sweden, iliundwa mwaka 1957, na katika sindano ya mgongo ndiyo inayotegemewa zaidi duniani leo. Kasoro yake ni kwamba haina haraka. Ganzi hudumu saa 2 au 3, wakati mwingine zaidi, na kibofu huchelewa kuamka. Kwa upasuaji wa dakika 20, mgonjwa hukaa kitandani jioni nzima akingoja kukojoa ndipo aruhusiwe. Katika nchi ambako wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo, hilo ni gharama, na ndiyo maana utafutaji wa dawa fupi na tulivu haujakoma. Prilokeini imepata nafasi Ulaya. Kloroprokeini nayo ina historia ya kuanguka na kusimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliripotiwa kuwaachia baadhi ya wagonjwa madhara ya mishipa, hasa ilipoingia kimakosa kwenye maji ya uti wa mgongo kwa kiasi kikubwa. Lawama nyingi ziliangukia kihifadhi kilichochanganywa nayo na ukali wa tindikali wa mchanganyiko ule. Ilitengenezwa upya bila kihifadhi, na mwaka 2017 Marekani iliidhinisha aina yake maalumu kwa sindano ya mgongo.

Afrika Mashariki habari hii ina sura yake. Huku sindano ya mgongo ni, kwanza kabisa, sindano ya mama anayejifungua kwa upasuaji. Kwa mama ni salama kuliko nusu kaputi, kwa sababu halazwi usingizi, njia yake ya hewa haiguswi, na anamsikia mtoto akilia. Dawa inayotumika zaidi ni bupivakeini nzito, yaani ile iliyochanganywa na glukosi. Tafiti zilizofanywa kwa wanawake waliojifungua kwa upasuaji zimeonyesha kuwa maumivu haya ya muda ni nadra kwao, hata lidokeini ilipotumika. Kwa hiyo mama wa Mwanza, Kisumu au Bujumbura aliyechomwa bupivakeini ana sababu ndogo sana ya kuyaogopa.

Lakini ndiye anayeogopa kuliko wote. Kliniki za wajawazito zimejaa maneno kwamba sindano ya mgongo huharibu kiuno maisha yote, na wapo wanawake wanaokataa upasuaji wa lazima, au wanaodai nusu kaputi, kwa hofu hiyo. Maumivu ya kiuno baada ya kujifungua ni kweli yapo, na ni ya kawaida sana. Yanawapata pia waliojifungua kwa njia ya kawaida bila sindano yoyote. Mwili umebeba mzigo miezi 9, mishikizo ya nyonga imelegea, na baada ya hapo mama anainama mara kadhaa kila siku kumnyonyesha, kumwogesha na kumbeba mtoto. Mahali palipochomwa huweza kuuma kwa siku chache, kama panavyouma palipochomwa popote. Kulifanya tundu hilo dogo libebe lawama ya maumivu ya miaka 10 ni kumnyima mama matibabu ya kile kinachomuuma kweli.

Lidokeini kwa upande wake haijatoweka. Kwa miaka mingi orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imekuwa ikiitaja lidokeini ya asilimia 5 kwa sindano ya mgongo, sambamba na bupivakeini. Ni dawa inayofanya kazi, na pale ambapo bupivakeini imekwisha stoo, daktari anayeitumia kwa uangalifu hafanyi dhambi. Anachopaswa kufanya ni kumwambia mgonjwa wake. Mwanamume anayekuja kukatwa bawasiri, akachomwa lidokeini na kulazwa miguu juu, amekusanya sababu mbili za hatari kwa pamoja. Ana haki ya kusikia kabla: huenda kesho makalio na mapaja yakakuuma sana, yataisha ndani ya siku chache, si kupooza.

Matibabu yenyewe ni mepesi. Dawa za maumivu za kundi la ibuprofeni na diklofenaki ndizo zinazosaidia zaidi, kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo wala matatizo ya figo. Parasetamoli inaweza kuongezwa. Wachache wenye maumivu makali huhitaji dawa nzito zaidi kwa siku moja au mbili, na pale misuli inapokaza, dawa ya kuilegeza na kitambaa cha moto huleta nafuu. Hakuna sababu ya kulala kitandani bila kujongea.

Sehemu ngumu ni kutofautisha maumivu haya na mambo mengine yanayofanana nayo kwa mbali. Maumivu ya muda huja baada ya ganzi kuisha kabisa, mara nyingi ndani ya saa 24, na miguu hubaki na nguvu na hisia zake. Hilo ndilo la kushika. Ganzi ikigoma kuondoka, au ikaondoka kisha ikarudi, mguu ukilegea, sehemu za siri na eneo la kukalia likikosa hisia, mkojo ukigoma au haja ikitoka bila mtu kujua, mgongo ukizidi kuuma huku homa ikipanda: yoyote kati ya haya si maumivu ya kusubiriwa. Huenda damu imeganda karibu na uti wa mgongo au usaha umejikusanya, na hapo saa chache tu ndizo zinazoamua kama mtu atatembea au la. Arudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kichwa kinachouma mtu akikaa au akisimama na kutulia akilala ni jambo la tatu, lile lililomlaza Bier siku 9. Chanzo chake ni maji ya mgongo kuvuja kwenye tundu la sindano, na lina tiba yake. Sindano nyembamba zenye ncha butu zinazotumika sasa zimelipunguza sana.

Hospitali zetu zinaweza kufanya jambo moja bila kununua mashine yoyote. Namba ya simu ya mgonjwa iko kwenye faili. Muuguzi akimpigia siku ya pili na kumuuliza kama ana maumivu ya makalio, mapaja au miguu, kama anakojoa vizuri, kama kichwa kinamuuma akisimama, simu ya dakika 3 itakuwa imefanya kile kilichokosekana duniani kwa zaidi ya miaka 40. Majibu yaandikwe pamoja na jina la dawa, kiasi chake na mkao wa mgonjwa mezani. Baada ya mwaka, hospitali ya wilaya itakuwa na takwimu zake yenyewe badala ya kutegemea za Basel na Seattle.

Na wewe msomaji, siku ukiambiwa utachomwa sindano ya mgongo, muulize daktari wa usingizi ni dawa gani atakayotumia na itachukua saa ngapi kuisha. Mwambie kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama uliwahi kuumwa miguu baada ya sindano kama hiyo. Kisha omba jina la dawa liandikwe kwenye karatasi yako ya kutoka hospitali. Ukichomwa tena miaka mingine ijayo, daktari utakayemkuta ataihitaji karatasi hiyo.